Georges Simenon: Riwaya Moja kwa Siku Kumi na Moja

Mabibi na mabwana, ndugu waandishi na wasomaji,

Georges Simenon akitajwa, hesabu hutangulia. Riwaya 192 kwa jina lake halisi: 75 za Kamishna Maigret, mpelelezi wake wa polisi ya Paris, na 117 zisizo na Maigret, alizoziita riwaya ngumu. Kabla ya hizo, karibu riwaya 190 za bei rahisi alizozitoa kwa majina ya bandia zaidi ya ishirini. Ongeza hadithi fupi 28 za Maigret na mamia ya nyingine. Hesabu hizo ni za kweli, lakini zimemponza. Msomaji akisikia wingi huo, hudhani ni kazi ya kulipualipua. Leo nataka kuonyesha kinyume chake. Simenon aliandika vingi kwa kuwa alijifunga kwa masharti magumu kuliko waandishi wengi wa zama zake, na taharuki ya vitabu vyake inatoka ndani ya masharti hayo.

Alizaliwa Liège, Ubelgiji, Februari 1903. Baba yake, Désiré, alikuwa karani wa kampuni ya bima, mtu mpole aliyetosheka na alichopata. Mama yake, Henriette, alipangisha vyumba kwa wanafunzi, wengi wao kutoka Urusi na Poland, hivyo kijana Georges alikua akiona maisha ya wageni kupitia milango iliyoachwa wazi kidogo. Baba alipougua moyo, kijana aliacha shule akiwa na miaka 15, na Januari 1919 akaajiriwa na gazeti la Gazette de Liège. Hapo alizungushwa kila mahali: vituo vya polisi, mahakamani, mazishini, kwenye mikutano ya baraza la mji. Alijifunza kwamba saa ya kupeleka habari ikifika, habari inapelekwa, umeridhika nayo au hukuridhika.

Gazeti hilo hilo lilimwachia doa. Mwaka 1921 lilichapisha mfululizo wa makala zake zenye chuki dhidi ya Wayahudi. Baadaye alijitetea kwamba aliagizwa na mhariri. Utetezi huo haufuti kilichoandikwa, na anayemsoma Simenon leo anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kumsifu. Nitalirudia kidogo nitakapofika kwa Bwana Hire, mhusika wa mojawapo ya riwaya zake.

Desemba 1922 alihamia Paris. Alipeleka hadithi fupi kwenye gazeti la Le Matin, ambako mwandishi Colette ndiye aliyesimamia kurasa za hadithi. Colette alizirudisha mara kadhaa kwa sababu moja: zilikuwa na mapambo mno. Alimwambia aondoe fasihi yote humo ndani. Simenon alitii, hadithi zikapokelewa, na maisha yake yote aliueleza ushauri huo kuwa wenye faida kuliko mwingine wowote aliowahi kupewa.

Kuanzia mwaka 1924 akaingia kwenye vijitabu vya bei rahisi. Cha kwanza kiliitwa Le Roman d'une dactylo, riwaya ya mapenzi, na jina la mwandishi lililokuwa juu yake ni Jean du Perry. Majina mengine yakafuata: Christian Brulls, Gom Gut, Georges Sim. Wachapishaji wa vijitabu hivyo walikuwa na mikondo yao: mapenzi, safari na hatari, vichekesho vya utundu. Kila mkondo ulikuwa na urefu wake na aina ya mwisho wake. Simenon mwenyewe alidai kwamba siku nyingine alipiga taipu kurasa 80.

Wengi huiruka miaka hii wakaanza na Maigret. Ni makosa. Mwandishi aliyekwisha kuandika matukio ya kuingia chumbani, kufungua barua na kumfuata mtu barabarani mara mamia, hapotezi tena nguvu kwenye ufundi huo. Anajua sura inahitaji watu wangapi na mazungumzo yakae wapi. Alipofika kwenye kazi aliyotaka kuitia jina lake, mkono ulikuwa umeshazoea, akili ikabaki huru kumwangalia mhusika.

Kuna kisa cha mwaka 1927 ambacho lazima nikisahihishe, maana kinasimuliwa kila mara. Inasemwa kwamba Simenon alifungiwa kwenye chumba cha kioo mbele ya Moulin Rouge, ukumbi wa burudani wa Paris, akaandika riwaya huku watu wakimtazama. Mpango ulikuwepo kweli, pamoja na mwenye gazeti aitwaye Eugène Merle, na ulitangazwa sana. Lakini haukutekelezwa. Hata hivyo walijitokeza watu walioapa kwamba walimwona kwa macho yao.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kama alivyoieleza mwenyewe katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1955, alipokuwa akiishi Lakeville, Connecticut, na kama inavyoonekana kwenye karatasi zake zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Liège tangu mwaka 1976.

Kwanza huja mahali. Harufu, hali ya hewa, mtaa fulani aliowahi kukaa. Halafu watu wawili watatu wanaokaa mahali hapo. Majina huyatoa kwenye vitabu vya simu: anaorodhesha mengi, anayatamka, anachuja hadi yabaki yale yanayomkaa mtu wake. Kisha anachukua bahasha kubwa ya rangi ya manjano, na juu ya bahasha hiyo anaandika jina la mhusika, umri wake, kazi yake, wazazi wake, mke, watoto, anwani, wakati mwingine hata namba ya simu. Mambo mengi ya kwenye bahasha hayaingii kitabuni kabisa. Pembeni anaweka ramani ya mji.

Kisha anajiuliza swali moja: mtu huyu, mahali hapa, na kazi hii na familia hii, ni jambo gani linaweza kumtokea likamlazimisha kufika mwisho wa uwezo wake? Jibu linaweza kuwa dogo sana. Barua, ajali, mgeni. Jambo hilo likipatikana, sura ya kwanza imepatikana. Na hapa ndipo penye kiini: usiku wa kuamkia siku ya kwanza, Simenon anaijua sura ya kwanza tu. Ya pili haijui. Mwisho haujui. Kwenye bahasha hakuna mpangilio wa matukio.

Kabla ya kuanza, daktari anampima shinikizo la damu. Miadi yote ya siku kumi na moja inafutwa. Asubuhi na mapema anakuta kahawa tayari, kiko kadhaa zimeshajazwa tumbaku, penseli zimechongwa, na mlangoni kunaning'inia kibao cha hoteli kinachosema asisumbuliwe. Anaandika sura moja, nayo inakwisha siku hiyo hiyo. Kesho sura nyingine. Hapokei simu, hakutani na mtu. Mchana kutwa anaishi kama mhusika wake. Kwenye kalenda anatia alama siku za kuandika na siku za kusahihisha.

Kwa nini kumi na moja? Kwa sababu mwili haukuruhusu zaidi. Alisema kwamba baada ya siku tano au sita mzigo wa kuishi ndani ya mtu mwingine unakaribia kutobebeka, na siku ya kumi na moja ndiyo kikomo. Ndiyo maana vitabu vyake ni vifupi, mara nyingi chini ya kurasa mia mbili. Urefu wa kitabu ulipimwa kwa pumzi ya mwandishi, na msomaji anaisikia pumzi hiyo: riwaya ya Simenon inataka isomwe kwa mkao mmoja.

Nini kinaharibika? Kukatika. Akiugua kwa saa 48 katikati ya kazi, sura zilizokwisha kuandikwa hutupwa, na riwaya ile hairudiwi tena. Wengine wataona ni ushirikina. Mimi naona kuna sababu ya kiufundi. Mwandishi mwenye mpangilio wa matukio anaweza kuugua mwezi mzima, akarudi, akausoma mpangilio wake na kuendelea. Simenon hakuwa na mpangilio. Alichokuwa nacho ni hali ya mhusika ndani ya kichwa chake, na hali hiyo haihifadhiki kwenye karatasi. Ikipoa siku mbili, anayerudi mezani si mhusika tena bali mwandishi anayekisia, na kisio hilo huonekana. Anayetaka kuandika bila mpangilio, basi, aanze kwa kulinda siku zake. Asipoweza kuzilinda, ni heri apange matukio.

Kusahihisha huchukua takriban siku tatu, na karibu kazi yote ni kukata. Anaondoa vivumishi, vielezi, na kila neno lililowekwa ili lipendeze tu. Sentensi nzuri iliyokaa peke yake kama pambo inatolewa. Hadithi haiguswi: matukio yanabaki yalivyokuja. Maneno anayoyabakiza ni ya vitu vinavyoshikika: mvua, ukuta, meza, supu, koti lililoloa. Alisema msamiati wake haukuzidi kama maneno elfu mbili, naye aliuchagua hivyo makusudi. Alitamani neno lake liwe na uzito kama tufaha lililochorwa na Cézanne, ambalo ukilitazama unahisi ungeweza kulipima mkononi.

Taharuki inatokea wapi katika haya? Chukua Les Fiançailles de M. Hire, ya mwaka 1933. Kitongojini Villejuif, nje kidogo ya Paris, mwanamke ameuawa. Mlinzi wa nyumba ya kupanga anapeleka barua kwa Bwana Hire, mpangaji mnene, mpweke, mwenye adabu za ajabu. Mlango unafunguka kidogo, na kwenye beseni anaona taulo lenye damu. Bwana Hire amejikata akinyoa ndevu. Lakini neno limeshatoka, polisi wanaanza kumfuata, majirani wanaanza kunong'ona. Wakati huo yeye, kila usiku, anamtazama kupitia dirishani msichana wa chumba cha ng'ambo, na kwa kutazama huko anamjua muuaji halisi, yaani mpenzi wa msichana huyo.

Angalia alichokifanya mwandishi. Kitendawili cha nani kaua hakishughuliki nacho sana, kwani kitabu kingali kinaendelea msomaji anakijua. Kinachobana kifua ni kwamba Bwana Hire anashika ukweli mkononi wala hautumii, kwa sababu anaamini msichana yule ataondoka naye. Kila sura inamsogeza karibu zaidi na umati, na anafikia mwisho wake baada ya umati huo kumfukuza hadi juu ya paa. Bwana Hire ni mtoto wa fundi cherehani Myahudi. Mwandishi yule yule wa makala za mwaka 1921 aliandika hapa jinsi mtaa unavyomchagua mtu wa kumbebesha lawama. Sidai kwamba kitabu kinalipa deni la makala. Vyote viwili ni vyake na visomwe vyote.

L'Homme qui regardait passer les trains, ya mwaka 1938, inakwenda njia nyingine. Kees Popinga, karani mkuu wa kampuni ya vifaa vya meli huko Groningen, Uholanzi, ana nyumba nzuri, mke, watoto, jiko bora. Usiku mmoja wa Desemba anamkuta mwajiri wake baani, na huyo anamweleza kwa utulivu kwamba kampuni imefilisika kwa udanganyifu wake mwenyewe, na kwamba anatoroka. Popinga hapigi kelele. Anapanda treni. Amsterdam anaua, Paris anajificha, halafu anaanza kuandikia magazeti barua za kuwasahihisha wanapomwita mwendawazimu. Taharuki ya kitabu hiki imo katika tofauti kati ya Popinga anavyojiona, mtu huru mwenye akili kuliko polisi wote, na tunavyomwona sisi. Hakuna bastola inayohitajika kuifanya iwe hai.

Maigret ni jambo jingine, ingawa mkono ni ule ule. Simenon alisimulia kwamba kamishna huyu alimjia Delfzijl, bandari ndogo ya Uholanzi, mwaka 1929, alipokuwa akisafiri kwa mashua yake iitwayo Ostrogoth. Watafiti wameonyesha kwamba Maigret alizaliwa polepole, kwani anapita kwanza ndani ya riwaya za majina ya bandia. Delfzijl hata hivyo wamemjengea sanamu.

Kwa maelezo ya Simenon, mchapishaji Fayard alisitasita: hamna fumbo la kweli, hamna mapenzi, hamna wema na waovu waliotengana, na mwisho haufurahishi. Kila dosari aliyoitaja ndiyo iliyokuja kuwa sifa. Usiku wa tarehe 20 Februari 1931 vitabu vya kwanza vilizinduliwa kwenye ukumbi wa La Boule Blanche, Montparnasse, kwa dansi ambayo wageni walichukuliwa alama za vidole mlangoni kama washukiwa. Mwaka huo vilitoka karibu kitabu kimoja kila mwezi.

Wenye kujua kazi ya polisi walicheka. Kamishna hasimami kwenye mvua akimlinda mtu mlangoni. Hiyo ni kazi ya askari wa chini yake. Mkuu wa polisi ya upelelezi ya Paris, Xavier Guichard, akamwalika mwandishi aje Quai des Orfèvres, makao makuu ya polisi hiyo, aone kazi inavyofanyika. Simenon alikwenda, akaona, akajifunza taratibu, na bado akamwacha Maigret asimame mvuani. Mwaka 1951 alitoa Les Mémoires de Maigret, ambamo kamishna mwenyewe anamlalamikia kijana mmoja aitwaye Sim kwa kumwandika vibaya, naye Sim anamjibu kwamba ukweli usiporahisishwa hausomeki. Katika vitabu vyote sijaona maelezo bora zaidi ya kwa nini riwaya ya upelelezi inavunja utaratibu wa kazi ya upelelezi. Polisi halisi ni watu ishirini na mafaili. Msomaji anahitaji jozi moja ya macho, na macho hayo lazima yaloe.

Maigret hapeleki akili yake kwenye vidokezo kama wapelelezi wengine wa vitabuni. Anakaa kwenye baa ya mtaa wa marehemu, anakunywa wanachokunywa pale, anangoja mpaka aanze kuwaza kama wao. Ukiichunguza vizuri, ni njia ile ile ya Simenon ya siku kumi na moja, isipokuwa imepewa kofia na kiko.

Barani mwetu alifika mwaka 1932. Alipitia Misri na Sudan, akavuka Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, akatokea pwani ya Atlantiki. Aliporudi aliandika makala kali kuhusu ukoloni kwenye jarida la Voilà, na riwaya tatu zikatoka humo: Le Coup de lune ya mwaka 1933, 45° à l'ombre ya mwaka 1936, na Le Blanc à lunettes ya mwaka 1937. Ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Kijana Joseph Timar anatoka La Rochelle kwenda Libreville, anaingia katika mapenzi na Adèle, mwanamke mwenye hoteli. Kijana Mwafrika anayefanya kazi hotelini anapigwa risasi. Wazungu wote wa mji wanajua nani kaua, na wote wanakubaliana kimya kimya Mwafrika mwingine asiye na hatia aletwe mahakamani. Hakuna kitendawili hata chembe. Kinachotisha ni jinsi jamii nzima inavyoupanga uongo wake huku ikiendelea kunywa. Mapungufu yake yapo pia. Waafrika hawapewi nafasi ya kusema mengi, na mateso yanayofuatiliwa kwa karibu ni ya Timar.

Kasi ilikuwa na gharama nyingine. Ndani ya mfululizo wa Maigret umri wa kamishna haukubaliani na miaka, na mambo ya familia yake hubadilika kitabu hadi kitabu. Wanawake wengi wa vitabu vyake wametazamwa kwa nje tu, kwa macho ya mwanamume anayewatamani au kuwaogopa. Na kwa kuwa mwisho haukupangwa, baadhi ya riwaya hujikata ghafla, kana kwamba siku zimekwisha kabla ya hadithi. Anayezisoma nyingi kwa mkupuo ataona pia hali zinazojirudia: mume anayeondoka nyumbani bila kuaga, chumba cha hoteli, dirisha la ng'ambo.

Mwaka 1945 aliondoka Ulaya, akaishi Kanada na Marekani kwa miaka kumi. Huko Tucson, Arizona, kwenye jua la jangwani, aliandika La neige était sale, iliyotoka mwaka 1948, riwaya ya baridi na theluji chafu katika mji usiotajwa jina uliokaliwa na jeshi la kigeni. Alirudi Ulaya mwaka 1955, kisha akahamia Uswisi. Mwaka 1972 kilitoka Maigret et Monsieur Charles. Septemba ya mwaka huo aliandaa bahasha ya riwaya mpya iliyokuwa iitwe Victor, na riwaya haikuja. Alikuwa na miaka 69. Hakuilazimisha: alitangaza kwamba ameacha, akaenda kubadili pasipoti yake ili pale palipoandikwa kazi pasomeke kwamba hana kazi. Kuanzia mwaka 1973 alizungumza na kinasa sauti, vikatoka vitabu zaidi ya ishirini vya kumbukumbu alizozisema kwa mdomo, na mwaka 1981 akaandika Mémoires intimes, kitabu kinene alichomwandikia binti yake Marie-Jo aliyejiua mwaka 1978. Alifariki Lausanne tarehe 4 Septemba 1989.

Kwa anayeanza kumsoma, nashauri asifuate mpangilio wa miaka. Aanze na Le Chien jaune ya mwaka 1931, asome sura ya kwanza mara mbili, ya pili akiwa na penseli. Ni Ijumaa ya Novemba, karibu saa tano usiku, bandari ya Concarneau, upepo unavuma. Mwanamume anatoka hotelini amelewa kidogo. Mlinzi wa forodha, aliyejibanza asipigwe na upepo, anamtazama kwa mbali. Mlevi anajaribu kuwasha sigara yake, kiberiti kinazimika. Anaingia kwenye mlango wa nyumba isiyokaliwa na mtu ili ajikinge. Anayumba. Mlinzi anaona ni ulevi, mpaka anapogundua kwamba mtu ameanguka na haamki, na kwamba mbwa mkubwa wa manjano ametokea gizani akanusa pale. Risasi ilipita kwenye tundu la barua mlangoni. Hesabu vivumishi vilivyomo, halafu hesabu vitu: upepo, kiberiti, kofia, ngazi, tundu la barua, mbwa. Baada ya hapo ndipo ashike Bwana Hire, kisha Popinga, na La neige était sale aiache mwisho, maana ndiyo nzito kuliko zote.

Asanteni kwa kunisikiliza.